Wino wa soja: petroli ilipopanda bei, magazeti yaligeukia shamba

Mwaka wa 1973, inchi za Kiarabu zilikataa kuuzia Marekani petroli. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda karibu mara nne. Mistari mirefu ya magari kwenye vituo vya mafuta inakumbukwa hadi leo. Kisichosemwa sana ni kwamba wenye magazeti nao waliingiwa na hofu, kwa sababu wino wa gazeti, kwa sehemu kubwa, ulikuwa mafuta yanayotoka katika petroli. Weusi wake ni masizi laini tu. Mafuta ndiyo yanayoyabeba hadi kwenye karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 70, bei ilipopanda tena, chama cha wenye magazeti cha Marekani kilianza kutafuta mafuta mengine. Kilijaribu mafuta ya mimea mbalimbali, kikachagua soja, ambayo wakulima wa kule walikuwa nayo tele. Mwaka wa 1987, The Gazette, gazeti la mji wa Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, lilikuwa la kwanza kujaribu wino huo. Iowa ni inchi ya soja, basi wakulima walifurahi kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mfuko ulitangulia, mazingira yakafuata. Lakini faida ilikuwa ya kweli. Wino wa petroli unatoa mvuke mwingi zaidi, na anayeuvuta ni yule anayesimama kando ya mashine usiku kucha. Wino wa soja unatoa mvuke kidogo, na gazeti kuukuu likirudishwa kiwandani kutengenezwa karatasi mpya, wino huo unaondoka kwa urahisi zaidi. Tena mafuta ya soja ni meupe kuliko yale ya petroli, hivyo rangi nyekundu na njano zinang'aa vizuri. Shida ilikuwa wino mweusi: wa soja uliuzwa ghali kuliko wa petroli, na magazeti mengi yakautumia kwa rangi peke yake.

Mwaka wa 1994 Marekani ilitunga sheria kuhusu machapisho ya serikali. Wino wa magazeti ulitakiwa uwe na asilimia 40 ya mafuta ya mimea, na ule unaokaushwa kwa moto asilimia 10 tu. Hapo jina la "wino wa soja" linadanganya kidogo: mteja anasikia soja, kumbe ndani ya chombo soja ni sehemu tu.

Sokoni Bukavu au Goma, mama anayefunga karanga ndani ya gazeti kuukuu hawezi kujua wino ule ulitengenezwa na nini. Si jambo dogo. Karibu mwaka wa 2010, wachunguzi wa vyakula wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba mafuta ya petroli ya wino wa magazeti yanabaki katika makartoni yaliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu, kisha yanahamia polepole ndani ya vyakula vikavu kama mchele. Sheria ya Ufaransa ya mwaka wa 2020 ikaamua mafuta hayo yaondolewe katika wino wa vifungashio, kisha katika machapisho yanayotolewa kwa watu wote.