Mshale Unaposema Oili Imekwisha

Vitabu vya historia ya motokaa hupenda kusimulia habari za mwendo. Hueleza ni nani aliyeshinda mashindano gani, katika mwaka gani, na kwa gari la namna gani. Ni mara chache tunapoambiwa jinsi dereva wa zamani alivyojua kwamba injini yake ilikuwa karibu kufa. Habari hiyo nayo ina historia yake, na yastahili kusomwa. Kwa maana katika kila zama mwanadamu alitaka chombo cha kumwonya kabla ya hasara, na katika kila zama chombo hicho mara nyingine kilimwonya bure. Nakuomba basi, msomaji, unifuate ndani ya injini kwa muda mfupi.

Yajulikana kwamba vyuma viwili vikisuguana kwa kasi huzaa joto kali. Ndani ya injini mna pistoni zipandazo na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na mhimili mzito uzungukao katika beringi zake. Kati ya chuma na chuma hapana budi pawe na utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana, beringi huungua na mhimili hukwama. Petroli ikiisha, gari husimama tu, na dereva hushika debe lake akaenda kutafuta nyingine. Oili ikiisha, injini huharibika, na gharama yake yaweza kumfilisi mwenye gari.

Gari la Ford liitwalo Model T, lililotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, halikuwa na geji ya oili wala pampu ya oili. Oili ilikaa chini ya injini, na gurudumu zito lililozunguka pamoja na mhimili liliirusha huku na huku. Upande wa nyuma, chini kabisa, palikuwa na bilula mbili ndogo, moja juu ya nyingine. Dereva aliyetaka kujua hali ya oili alilala chali mavumbini, akajiingiza chini ya gari na kufungua bilula ya juu. Oili ikitoka, ilikuwa ya kutosha. Isipotoka, alifungua ya chini. Na ya chini nayo ikiwa kavu, alijua kwamba hatari ilikuwa imekwisha bisha hodi. Magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa, na wenye kuyaendesha walichafua nguo nyingi. Njia hiyo ilikuwa ya taabu, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuipata tena kwa urahisi: bilula haina waya wa kukatika.

Ford iliyofuata, Model A ya mwaka 1927, ilikuwa na kijiti cha chuma cha kupimia, kile ambacho mafundi wetu hukiita dipstiki. Hukichomoa, ukakifuta kwa kitambaa, ukakirudisha, ukakichomoa tena na kutazama alama. Kwa magari mengi desturi ni kupima gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, na baada ya kungoja dakika chache ili oili iliyo juu ishuke chini. Desturi hii uikumbuke, maana tutaikuta tena mbele, nayo itakuwa imegeuka adui.

Kijiti hakisemi neno gari likiwa njiani. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka geji mbele ya dereva, si ya kupima wingi wa oili bali ya kupima msukumo wake, yaani nguvu ambayo pampu huisukumia kwenye beringi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuondoa geji na kuweka taa nyekundu mahali pake. Madereva wenye majivuno waliziita taa hizo taa za wapumbavu, kwa kuwa hazikutoa hesabu yoyote. Zilipiga kelele tu mambo yalipokuwa yamekwisha haribika. Jina hilo si la haki. Taa iwakayo humshtua hata mtu ambaye hatazami geji, nasi wengi tu watu wa namna hiyo.

Hapa ndipo ulipoanza mvurugano ambao umedumu hadi leo. Wingi wa oili ni jambo moja, na msukumo wake ni jambo jingine. Fikiri habari za gari la michezo la kawaida, ambalo oili yake hukaa katika bakuli chini ya injini, bakuli ambalo mafundi huliita sampu. Gari hilo likipinda kona kwa kasi kubwa, oili yote hukimbilia upande mmoja, kama chai katika kikombe cha abiria. Mdomo wa pampu hubaki wazi, nayo hufyonza hewa badala ya oili. Msukumo huanguka na taa huwaka. Dereva hushtuka, husimama kando ya njia, hupima kwa kijiti na kukuta oili imejaa. Ndipo asemapo, "Taa hii ni mwongo," akaendelea na safari. Lakini taa haikusema uwongo. Ilisema kwamba wakati ule, katika kona ile, beringi zilikuwa hazipati oili, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekosea ni yule aliyejibu swali la msukumo kwa kijiti cha kupimia wingi. Injini nyingi za michezo zimekufa kwa makosa ya namna hiyo.

Dawa ya ugonjwa wa kona ilipatikana kwa kuitoa oili chini ya injini na kuiweka katika tangi la kando. Pampu moja huinyonya kutoka chini na kuirudisha tangini, na pampu nyingine huitoa tangini na kuipeleka kwenye beringi. Gari mashuhuri lililotumia mpango huo ni Porsche 911 ya Ujerumani. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901. Kampuni ya Peugeot ikalalamika kwamba namba zenye sifuri katikati ni haki yake, na mwaka 1964 jina likawa 911. Injini yake, iliyo nyuma, ilipozwa kwa hewa, na oili nayo ilifanya kazi kubwa ya kuchukua joto. Kwa hiyo ilihitaji oili nyingi, kama lita 9.

Gari la namna hii halikuweza kuachwa na kijiti peke yake. Mbele ya dereva palikuwa na geji tano za mviringo, na ile ya kushoto kabisa ilionyesha petroli na oili. Ndani ya tangi mlikuwa na boya. Oili ikipanda, boya hupanda, na umeme upitao katika waya hubadilika, na mshale husogea. Ni mpango mzuri kabisa. Lakini mshale huo umewatia hofu madereva wengi kuliko hitilafu yoyote ya kweli ya gari hilo.

Sababu yake ni hii. Gari likilala usiku kucha, oili huchuruzika polepole kutoka tangini na kuingia ndani ya injini. Asubuhi mwenye gari huwasha, akatazama, na mshale umelala kwenye sifuri. Tena, gari likikimbia kwa kasi, oili nyingi huwa katika mzunguko wake ndani ya injini, na mshale hushuka vilevile. Wakati ambapo mshale husema kweli ni mmoja tu: gari likiwa mahali tambarare, oili imepata moto barabara, na injini inanguruma polepole bila gari kwenda. Hata kijiti cha gari hilo, kilicho ndani ya tangi, hutumiwa kwa masharti hayo hayo. Sasa mfikirie dereva aliyezoea Peugeot 504. Yeye amefundishwa kuzima injini na kungoja. Anafanya hivyo kwa uangalifu wote, na uangalifu wake ndio unaomponza, maana kadiri anavyongoja ndivyo oili inavyozidi kuondoka tangini.

Akiona sifuri, hununua oili na kumimina. Mshale haupandi, akamimina tena. Kesho yake oili yote inapopata moto na kurudi tangini, tangi halina nafasi. Oili iliyozidi hupanda kwenye bomba la kupumulia, ikaingia katika njia ya hewa ya injini na kuungua humo. Moshi wa buluu hutanda nyuma ya gari, na plagi huchafuka. Hivyo tahadhari ya uwongo imezaa hasara ya kweli.

Mwaka 1972 Porsche walijaribu kulihamisha tangi la oili mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, na mdomo wake wakauwekea kifuniko nje ya bodi, karibu na mlango. Kumbe katika vituo vya petroli wahudumu walikiona kifuniko hicho, wakadhani ndicho cha petroli, wakamimina petroli katika oili. Mwaka uliofuata tangi lilirudishwa mahali pake pa zamani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu hakuna waya wala boya lililokosea. Ni kifuniko tu kilichosema jambo ambalo mwenye kukichora hakulikusudia.

Wewe usomaye historia umefundishwa kutompokea shahidi kabla ya kujua alisimama wapi, aliona nini hasa, na saa ngapi. Fundi mwema humhoji mshale kwa njia iyo hiyo. Kwanza hulisogeza gari mahali tambarare na kuipasha injini moto. Kisha hutafuta shahidi wa pili, yaani kijiti, na kuwalinganisha. Kijiti kikisema oili ni haba, huongeza kidogo kidogo na kupima tena. Kijiti kikisema oili ipo na mshale ukakataa, ndipo aanzapo kuufuata waya. Waya uliokatika, au uliochubuka na kugusa bodi, huupeleka mshale mwisho mmoja wa geji na kuuacha huko, hata oili iwe kiasi gani. Mshale usiotikisika kabisa ni wa kutiliwa shaka. Mara nyingi kosa huwa katika kiungo cha waya kilichoingia uchafu au kutu, na kitambaa na subira hutosha kuliponya. Boya lenyewe huguswa mwisho. Fundi wa haraka hufanya kinyume: hununua boya jipya kwanza, na fedha ni ya mwenye gari. Taa nyekundu ya msukumo, yeye haihoji gari likiwa linakwenda. Huzima injini kwanza, kisha huuliza.

Magari haya si mageni kwetu. Porsche 911 ilikuwa ya pili katika Safari Rally mwaka 1972 kwa mkono wa Sobiesław Zasada, ya pili tena mwaka 1974 kwa Björn Waldegård, na ya pili mwaka 1978 kwa Vic Preston mdogo. Ushindi wenyewe haikuupata katika miaka hiyo. Waldegård alirudi Afrika Mashariki akiwa mzee, akashinda Safari ya magari ya kale mwaka 2011 akiwa katika gari la aina ile ile.

Siku hizi boya limepata wapinzani. Magari mengi yana sensa ndani ya sampu: nyingine hupashwa moto kidogo na kupima jinsi oili inavyoipoza, nyingine hupeleka mlio usiosikika na kupima unavyorudi. Kompyuta hukusanya majibu mengi na kuyalinganisha, ili gari lililosimama kwenye mteremko au lililopinda kona lisimtie mtu hofu bure. Baadhi ya magari hayana kijiti kabisa, na shahidi wa pili ameondolewa barazani. Dereva wa gari kama hilo akitaka kujua oili yake, maandishi humtokea mbele yake yakimwamuru asimame mahali tambarare, aipashe injini moto, kisha angoje huku dakika zikihesabiwa. Ni masharti yale yale, isipokuwa kungoja, aliyopewa mwenye 911 mwaka 1964.