Al Ras: Rasi ya Hori la Dubai na Watu Wake

Upande wa Deira, pale hori la Dubai linapopinda kabla ya kumwagika katika Ghuba, ipo rasi ndogo iitwayo Al Ras, ambayo wageni wengi huipita wakielekea soko la dhahabu au la viungo, pasina kujua kwamba ahali zake zilikusanywa na bahari kutoka pande nyingi, na kwamba watu wa mwambao wetu wamo miongoni mwa ahali hizo tangu zamani.

Ukoo wa Al Bu Falasa ulihamia Dubai kutoka Abu Dhabi mwaka 1833, na ndui ilipoingia Bur Dubai mwaka 1841 wengi walivuka hori wakafanya maskani Deira. Mwaka 1894 mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliwasamehe ushuru wafanyabiashara wa kigeni. Na forodha ya Uajemi ilipozidi kuwaelemea matajiri wa bandari ya Lingeh, walijihamishia kwake na mali zao. Ndiyo maana Mwingereza J. G. Lorimer, katika kitabu chake cha mwaka 1908, aliikadiria Dubai kuwa na watu 10,000, na Deira pekee kuwa na nyumba 1,600 na maduka 350, wakazi wake wakiwa Waarabu, Waajemi na Mabaluchi.

Lakini mji ule uliishi kwa lulu, na lulu haziji juu ya maji zenyewe. Wengi katika waliopiga mbizi na kuvuta kamba katika Ghuba walikuwa watumwa waliotolewa Afrika ya Mashariki, au wana wao, na jasho lao ni sehemu ya utajiri uliojenga majumba ya rasi hii. Haki yao ni kutajwa pamoja na matajiri, kwani ngoma ya leiwa, ichezwayo hata leo katika Ghuba, imetoka kwao, na nyimbo zake za kale zina maneno ya Kiswahili.

Hata dari za majumba hayo ni shahidi wa uhusiano huo na mwambao wetu. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kuja Lamu na Rufiji yakiwa yamepakia tende yalirejea na kusi yakiwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi urefu wake, upana wa vyumba ulifuata kipimo cha miti ya kwetu. Madrasa ya Al Ahmadiya, iliyoasisiwa na tajiri wa lulu Sheikh Ahmed bin Dalmouk mwaka 1912, ni ya ujenzi wa zama hizo, naye Sheikh Rashid bin Saeed, aliyekuja kuitawala Dubai, alisomea humo.

Biashara ya lulu ilianguka baada ya 1929, kwa mdororo wa uchumi wa dunia na ushindani wa lulu za kufugwa za Wajapani. Kisha, baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, wakaja Wazanzibari waliokimbia, baadhi yao wakikaa miaka mingi bila uraia ilhali nasaba zao ni za Ghuba hii hii. Leo wanaokuja ni wafanyabiashara wa Kariakoo, Darajani na Eastleigh, wanaonunua kwa jumla na kuchangia kontena. Na katika maduka ya Deira si ajabu kumsikia Mhindi au Mwajemi akitaja bei kwa Kiswahili.