Redio Iliyoua: Mafunzo ya Mkutano wa Ottawa

Tarehe 13 Machi mwaka 2004, wataalamu wa mawasiliano, waandishi wa habari na wanahistoria walikutana katika Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, Kanada. Walikutana kuchambua jambo moja: vyombo vya habari na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mazungumzo yalikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulihusu vyombo vya Rwanda vilivyochochea mauaji, na upande wa pili vyombo vya nje vilivyoshindwa kuujulisha ulimwengu mapema ukweli wa mambo. Miongoni mwa wasemaji alikuwamo mwanajeshi, Jenerali Roméo Dallaire, aliyeongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994. Kuwapo kwake kulidhihirisha kwamba suala hilo si la wasomi peke yao.

Sumu ile haikuanza kumwagwa mwaka 1994. Mwezi Machi mwaka 1992, Redio Rwanda, redio ya serikali, ilirudia mara kadhaa tangazo la uongo kwamba Watutsi walikuwa na njama ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Mauaji yakafuata katika eneo la Bugesera. Mkuu wa idara ya habari, Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu, aliondolewa katika wadhifa huo. Lakini Julai mwaka 1993 ilianza kusikika redio ya watu binafsi, RTLM, naye alikuwa mmoja wa waasisi wake.

Redio hiyo ilijua kuwavuta watu. Ilipiga muziki uliopendwa, ilifanya mzaha, ilisema kwa lugha ya mitaani. Msikilizaji alipokwisha kuizoea, ikamlisha chuki. Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, na kuwahimiza waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani.

Askari wa kulinda amani nao hawakusalimika. RTLM ilieneza uvumi kwamba Wabelgiji ndio waliotungua ndege. Tarehe 7 Aprili, askari 10 wa miavuli wa Ubelgiji, waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, walinyang'anywa silaha na kuuawa na askari wa Rwanda katika kambi ya Kigali. Ubelgiji iliondoa kikosi chake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza jeshi la Umoja wa Mataifa hadi watu 270. Jeshi hilo halikuwa na redio yake lenyewe ya kuukanusha uongo.

Dallaire aliomba matangazo hayo yazimwe. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa tarehe 5 Mei 1994 ulipinga hatua hiyo, ukieleza kuwa ndege ya kuvuruga mawimbi ingegharimu dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka. RTLM iliendelea kutangaza mpaka Julai. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 1999 kuwa watu wapatao 800,000 waliuawa.

Je, redio peke yake ingeweza kufanya hayo? Wachunguzi wengi wanasema hapana. Mtaalamu Scott Straus, aliyewahoji wauaji waliofungwa, alionyesha kwamba wengi wao walikusanywa na watu waliowafahamu: viongozi wa mitaa, wanamgambo na askari. Mfano wa Butare unatoa ushahidi. Redio ile ile ilisikika huko, lakini mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa mauaji, na sehemu kubwa ya mkoa ikatulia kwa karibu majuma mawili. Mauaji makubwa yalianza baada ya yeye kuondolewa na Rais wa serikali ya mpito kuhutubia huko tarehe 19 Aprili. Baadaye naye akauawa.

Sheria iliwafikia baadhi ya wahusika. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha iliwatia hatiani Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na mwenye gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Rufani yao iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2007: baadhi ya mashtaka yalifutwa, na adhabu zikawa miaka 30, 32 na 35.

Waliolengwa kwanza na maneno ya RTLM walikuwa raia, lakini yalimhitaji mtu mwenye bunduki, panga au madaraka ili yawe mauaji. Askari wa jeshi au polisi hapokei amri kutoka hewani. Amri yake hutoka kwa mkuu wake halali, na hata huyo hana uwezo wa kuhalalisha mauaji ya raia. Wahenga walisema ulimi unauma kuliko meno. Rwanda ilionyesha kwamba ulimi huo huuma pale tu wenye dhamana ya ulinzi wanapoukubali au wanapounyamazia.