Uzalishaji wa sungura mzee

Uzalishaji wa sungura mzee ni kumpandisha sungura jike wa kufugwa, wa spishi Oryctolagus cuniculus, aliyepita umri wa uzazi mwepesi, kwa kawaida miaka 3 au zaidi. Yai la sungura hutoka baada ya kupandwa, hivyo hata jike mkongwe aweza kushika mimba kwa kukutana na dume mara moja tu. Mimba huchukua siku 30 hadi 32.

Hatari kubwa ni saratani ya mfuko wa uzazi, inayowapata zaidi majike waliozidi miaka 4. Huanza kimyakimya: mimba huharibika, watoto hupungua au huzaliwa wafu, kisha damu huonekana kwenye mkojo. Baadaye husambaa hadi mapafuni. Jike mnene anayeacha kula siku za mwisho za mimba huyeyusha mafuta ya mwili kupita kiasi. Ini hulemewa, na kifo chaweza kufuata upesi. Uzazi mgumu nao huhitaji daktari wa mifugo mara moja.

Kuondoa mfuko wa uzazi na ovari mapema huzuia mimba na saratani hiyo.