Chapa ya Ubao

Nilimwonyesha jirani yangu hapa Nshamba, kwenye simu, lile wimbi kubwa la Hokusai. Nikamwambia ni "picha ya mbao" ya Kijapani. Akaitazama kwa makini, kisha akauliza mbao ziko wapi. Aliuliza sawasawa. Ile ni karatasi tu, upana wake sentimita 38 hivi na kimo 25, na ubao haumo. Picha ya mbao ni iliyotengenezwa kwa mbao.

Istilahi ninayoitetea ni chapa ya ubao. Neno chapa lilivuka bahari kutoka India, na huku kwetu halihitaji mkalimani: ng'ombe hupigwa chapa, gunia la kahawa hupigwa chapa. Kitu kimoja huacha alama juu ya kingine, kisha huondolewa. Ukigeuza maneno, unapata na jina la kifaa chenyewe: ubao wa chapa, ambao Wajapani waliuchonga kwa mti wa cheri.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wanne. Eshi alichora kwenye karatasi nyembamba. Horishi aliibandika kifudifudi juu ya ubao akachonga, akiacha mistari imeinuka. Surishi alipaka rangi, akalaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni. Hanmoto alitoa fedha na kuuza. Kiswahili kina majina ya wote: mchoraji, mchongaji, mchapaji, mchapishaji. Wengi wetu huwachanganya hao wawili wa mwisho, nami nasikitika, maana lugha imetutenganishia mwenye mkono na mwenye mtaji, na sisi tunawarudisha pamoja.

Neno moja ningelikopa lilivyo: kento. Ni pengo dogo linalochongwa pembeni mwa ubao ili karatasi ikae palepale kila rangi inapoongezwa. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, na tangu siku za mchoraji Harunobu, mwaka 1765, mbao zingeweza kufika kumi au zaidi. Bila kento rangi zingepishana.

Neno nakala nalikataa. Nakala hudai kwamba asili iko mahali fulani, lakini mchoro wa Hokusai uliliwa na patasi. Wimbi lililochapwa karibu mwaka 1831 liko British Museum, London, liko pia Metropolitan, New York, na hakuna lililo kivuli cha jingine. Kinachotofautisha ni uchakavu wa ubao: mistari myembamba hukatika kadiri unavyotumika. Kwa hiyo tuseme chapa ya awali na chapa ya baadaye.

Karatasi yenyewe hutokana na gome la ndani la kozo, mti wa jamii moja na mtoma, ambao wazee wa Buhaya waliufua gome kwa nyundo ya mti yenye mifuo mpaka likawa nguo ya lubugo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, Fred Mutebi hutengeneza chapa za ubao zenye rangi nyingi, na ni mtetezi wa nguo hiyo ya gome. Yeye hutumia ubao mmoja, akiuchonga upya baada ya kila rangi, hata picha ikikamilika ubao nao umekwisha.

Wewe unayeandika maelezo ya makumbusho au kitabu cha sanaa cha shule, nakuomba: andika chapa ya ubao.