Mbiti na deni la wakati ujao

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu African Religions and Philosophy. Humo alidai kwamba Mwafrika wa jadi aliishi katika nyakati mbili tu, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali haukuwamo katika fikra zake. Wasomi wanabishana juu ya dai hilo hadi leo.

Chimbuko la dai hilo lilikuwa mimbari. Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, katika nchi ya Wakamba, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walifika mwaka 1895 wakihubiri kurudi kwa Yesu na mwisho wa dunia. Akiwa Cambridge, alikopata udaktari mwaka 1963, alichunguza jinsi Wakamba walivyoupokea ujumbe huo. Alipochambua vitenzi vya Kikamba, aliona kuwa vinavyotaja yajayo havivuki miaka miwili hivi. Muumini mwenye lugha ya namna hiyo, alisema, angeutarajia mwisho wa dunia karibuni, si baada ya karne nyingi.

Kifo nacho alikieleza kwa hatua. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo katika Sasa. Mbiti aliwaita hao wafu walio hai. Baada ya vizazi vinne au vitano, anapofariki wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani, miongoni mwa mizimu isiyo na majina.

Wapinzani walijitokeza. Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Waakan wana lugha na fikra za wakati ujao wa mbali. Hata Kiswahili, alikoazima Mbiti maneno Sasa na Zamani, kinamsuta: watu wa pwani walikuwa wakiingoja Kiyama karne nyingi kabla ya misheni kufika Ukambani. Na apandaye mnazi huwawazia wajukuu.

Vitenzi vya Kikamba havikutosha kubeba fikra za bara zima. Lakini sehemu ya kifo haikuhitaji hesabu hiyo ya vitenzi, ndiyo maana imedumu. Mbiti, aliyefariki mwaka 2019, aliwaachia wahubiri swali gumu: uzima wa milele unamwahidi nini mtu ambaye kwake kuishi baada ya kifo ni kutajwa jina na jamaa zake?