Kijiwe na Mteremko: Pikipiki Katika Historia ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kutoka mji wa Mbinga hadi Mbamba Bay ni mwendo wa takriban kilomita 66. Katika masafa hayo mafupi ardhi huteremka kutoka milima ya Umatengo, ambako kahawa hustawi kwa baridi na ukungu, hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, ambako usipa huanikwa juani. Anayeshuka huvua koti njiani; anayepanda hulivaa. Mteremko huu ndio uliowapa watu wa juu na watu wa chini sababu ya kutafutana, maana mmoja ana mahindi na maharage, na mwingine ana samaki. Ndio pia uliowafanya watafutane kwa taabu.

Kwa muda mrefu taabu hiyo ilibebwa kichwani na mabegani. Vijiji vya ziwani, kama Lituhi na Liuli, vilitegemea zaidi mitumbwi na meli, zikiwemo MV Songea na MV Iringa, kuliko barabara ya kwenda makao makuu ya wilaya yao yenyewe. Wakati wa masika udongo mwekundu wa milimani uligeuka utelezi, na gari lililokwama kilimani liliweza kuifunga njia kutwa nzima. Baiskeli ilisaidia penye tambarare, lakini mlimani ilikuwa mzigo juu ya mzigo: mtu aliisukuma kupanda, kisha akaishikilia isimkimbie katika kuteremka.

Pikipiki haikuwa kitu kigeni katika mazingira hayo, ila ilikuwa chombo cha mwenye dhamana. Aliyeipanda alikuwa padri, bwana shamba, mganga wa zahanati au mnunuzi wa kahawa. Zilikuwa chache kiasi kwamba kijiji kiliweza kumtambua mtu kwa mlio wa injini kabla hajatokeza kwenye kona. Katika zama hizo hapakuwa na desturi ya waendeshaji, kwa kuwa hapakuwa na waendeshaji wa kutosha kufanya desturi. Palikuwa na watu mashuhuri wachache, kila mmoja na safari yake.

Mabadiliko yalikuja katika muongo wa kwanza wa karne hii, pale pikipiki za bei nafuu kutoka China, na baadaye kutoka India, zilipoenea Afrika ya Mashariki. SanLG, T-Better, Boxer na TVS yakawa majina yanayotajwa hata na bibi ambaye hajawahi kuzipanda. Pamoja na chombo likaja neno. "Bodaboda" lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu na bidhaa kutoka mpaka hadi mpaka, na wito wao wa Kiingereza ukalainishwa na ndimi za Kiafrika. Mkoani Ruvuma, hata hivyo, watu waliongeza jina lao: yeboyebo. Ni jina lililokwisha kupewa viatu vya plastiki na msuko wa nywele wa akina mama. Yaani jina la vitu rahisi, vya kila siku, vilivyo karibu na mwili. Hapana shaka waliolichagua walijua wanachokisema. Pikipiki ilikuwa imeshuka kutoka kwenye cheo na kuwa kiatu cha watu wote.

Sheria ilifika nyuma ya desturi. Ni katika mwaka 2010 ndipo kanuni za leseni za usafirishaji zilipoitambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo kijana aliyempeleka mjamzito hospitali ya Litembo au Peramiho usiku wa manane alifanya kazi ambayo serikali ilikuwa haijaipa jina. Kwa hiyo walipojipanga, hawakujipanga kwa mujibu wa kanuni. Walijipanga kwa mujibu wa kijiwe.

Kijiwe si mahali pa kuegesha pikipiki tu. Kina mwenyekiti na mweka hazina, kina daftari la michango na zamu ya abiria. Mgeni haingii bila ya kutambulishwa. Anayemdhulumu abiria hukemewa na wenzake, kwa sababu aibu ya mmoja hufukuza wateja wa wote. Wengi wao hawamiliki vyombo wanavyoviendesha: humpelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku au ya kila wiki, ama wamefunga mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Mtu akiugua wiki mbili, hesabu haiugui pamoja naye. Hapo ndipo daftari la kijiwe linapofunguliwa.

Wamatengo wanaijua taasisi inayofanana na hiyo. Waliiita sengu: baraza la watu wa ukoo mmoja waliokula pamoja chini ya mzee wao, wakazungumza mashamba, ndoa na magomvi kabla ya kuinuka. Kijiwe si sengu, wala vijana wake hawadai urithi huo. Wengi wao si wa ukoo mmoja, na baadhi hawatoki hata katika kabila moja. Lakini kazi ni ileile. Ni mahali ambapo mtu anahesabiwa, na asipoonekana huulizwa.

Kutokana na kuhesabiwana huko kukazaliwa adabu ya barabara. Mwendeshaji mzoefu humfundisha mgeni kushuka mlima kwa gia ndogo, akiiacha injini imshike, badala ya kuzima moto ili kuokoa petroli na kuziachia breki kazi yote. Akikuta mwenzake ameharibikiwa, husimama. Matawi yaliyotupwa barabarani humwambia ajaye kwamba mbele ya kona kuna gari bovu au tatizo jingine, na kila mpita njia huyasoma matawi hayo bila ya kufundishwa darasani. Pamoja na adabu hiyo lipo pia kosa lake, nalo lina jina la jikoni: mishikaki, yaani abiria wawili au watatu waliopangwa nyuma ya dereva kama nyama kwenye kijiti. Jina linachekesha. Watu huendelea kulicheka mpaka siku ya ajali.

Nguvu ya umoja huu ilionekana mjini Songea mwezi Februari 2012. Baada ya mfululizo wa mauaji yaliyoutia mji hofu, waendesha yeboyebo walikuwa mstari wa mbele wa walioingia barabarani kudai ulinzi. Siku hiyo ilimalizika kwa risasi na vifo. Mtu anaweza kuyatazama matukio yale kwa namna nyingi, lakini jambo moja halikanushiki: watu waliodhaniwa kuwa kundi la vijana wasio na kazi walithibitika kuwa jamii inayoweza kusimama kwa sauti moja pale mmoja wao anapouawa.

Na hapo ndipo penye swali. Umoja huu umesimama imara zaidi katika msiba kuliko katika kinga. Mwendeshaji akifariki, kijiwe kizima huacha kazi. Msafara wa pikipiki, taa zikiwaka, humsindikiza hadi kaburini. Michango hukusanywa asubuhi moja, na mjane hapewi mkono mtupu. Lakini kofia ngumu, ambayo vijiweni huitwa elementi, aghalabu huning'inia kwenye usukani au huvaliwa pale tu askari anapoonekana. Abiria naye huikataa: ina jasho la mwingine, au itaharibu msuko. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Bei ya kofia ni ndogo kuliko gharama ya mazishi. Kwa nini basi mchango wa sanda hupatikana upesi kuliko mchango wa kofia?

Jibu haliko katika ujinga, kwani vijana hawa wanaijua barabara kuliko wanaowahubiria. Msiba una sura na jina, na kila mtu anamjua marehemu. Ajali isiyotokea haina marehemu wa kuliliwa, wala hakuna msafara wa kumsindikiza mtu aliyefika nyumbani salama. Desturi hujengwa juu ya kinachoonekana.

Nayo barabara imebadilika. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Lami ilifika Mbinga kutoka upande wa Songea katika muongo huohuo, na ile ya kushuka ziwani, iliyoanza kujengwa mwaka 2018, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Zamani matope yalimlazimisha kila mtu kwenda polepole. Yalikuwa adui, lakini adui aliyefunga breki. Sasa kona zilezile hupitwa kwa kasi, na upande wa Songea pikipiki hugawana njia na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Ujuzi wa utelezi hautoshi tena kumlinda mtu kwenye lami.

Mabaharia wanajua kwamba boya hufungwa chomboni kabla ya dhoruba. Wamatengo wanajua zaidi ya hapo. Kwa vizazi vingi wamelima miteremko mikali kwa ngoro, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mlimani, yanayoipokea mvua na kuuzuia udongo usikimbilie bondeni. Hakuna aliyewahi kuufanyia matanga udongo uliobaki shambani, na bado kila mwaka mashimo huchimbwa. Watu wa milima hii, basi, walikwisha kuwa na desturi ya kukilinda kisichopotea bado. Imebaki ipande pikipiki. Siku daftari la kijiwe litakapokuwa na ukurasa wa kofia mbele ya ukurasa wa msiba, itakuwa imepanda.